Boriti za kina za zege: kusanifu na kukagua hatua kwa hatua

Boriti ya kawaida hupinda. Unachora momenti, unachora mkato, unachagua nondo za chini na ringi, kisha unaendelea na boriti inayofuata. Boriti ya kina, yaani ile ambayo kimo chake kinakaribiana na urefu wake, inabeba mzigo kwa namna nyingine. Mzigo ulio juu unashuka kwa mshazari moja kwa moja hadi kwenye egemeo, na kazi ya nondo za chini ni kuzuia miguu ya njia hiyo isitanuke. Utaikuta pale nguzo ya ghorofa za juu inapokatishwa ili chini pabaki ukumbi mpana, kwenye vichwa vya misingi ya nguzo-ardhi (nguzo zilizozamishwa ardhini), kwenye kuta za matangi na maghala ya nafaka, na kwenye ukuta wa zege unaokaa juu ya nguzo mbili tu.

Nondo za katikati karibu kila msanifu anazipata sawa. Boriti hizi huvunjika miishoni: juu ya maegemeo, ambako zege linabanwa kutoka pande mbili, na kwenye ncha za nondo, ambako mvutano wote lazima uwe umeshikwa. Ndiyo maana mwongozo huu unakaa zaidi huko.

Hatua ya 1: Hakikisha ni boriti ya kina

Eurocode 2 ya mwaka 2004, kanuni ya Ulaya ya kusanifu zege, inasema boriti ni ya kina iwapo mwanya wake, yaani umbali kati ya maegemeo, ni chini ya mara 3 ya kina chote (kimo cha boriti). ACI 318, kanuni ya Marekani, inapima mwanya wa wazi, yaani kutoka uso wa egemeo hadi uso wa egemeo: usizidi mara 4 ya kina. Inaongeza kigezo cha pili ambacho wengi hukisahau: mzigo wa nukta (uliokusanyika mahali pamoja, kama wa nguzo) ulio ndani ya umbali wa mara 2 ya kina kutoka uso wa egemeo unaifanya sehemu hiyo ihesabiwe kama boriti ya kina, hata kama boriti nzima ni ndefu. BS 8110, kanuni ya zamani ya Uingereza, iliziacha kabisa nje ya kanuni zake na kumwelekeza msanifu kwenye maandiko maalumu.

Usichukulie mipaka hii kama ukuta. Ukweli wa kifizikia ni kwamba karibu na kila mzigo wa nukta, kila egemeo, kila kona na kila tundu, kuna eneo ambalo mikazo haijatulia, na eneo hilo lina upana unaokaribia kina cha boriti. Ndani yake ile dhana kwamba sehemu iliyonyooka hubaki imenyooka baada ya kupinda haifanyi kazi. Boriti ya kina ni ile ambayo maeneo hayo yamekutana na hayakuacha nafasi ya tabia ya kawaida katikati.

Hatua ya 2: Orodhesha mizigo, na andika kila mmoja unaingilia wapi

Ukubwa wa mzigo peke yake hautoshi. Mzigo unaokaa juu ya boriti unashuka kwa mshazari bila msaada. Mzigo unaoning'inia chini, kama slabu iliyoungwa kwenye ukingo wa chini, hauwezi kufanya hivyo mpaka upandishwe kwanza. Kinachoupandisha ni ringi za wima zilizofungwa vizuri chini na kufika juu. Slabu ikileta 60 kN kwa kila mita kwenye ukingo wa chini, na nondo zina nguvu ya kusanifia ya 435 MPa, unahitaji 138 mm² za wima kwa kila mita, *juu ya* nondo nyingine zote. Kiasi ni kidogo, lakini kikikosekana ukingo wa chini unaweza kubanduka.

Hatua ya 3: Chagua njia ya hesabu

Kuna njia tatu zinazotumika. Ya kwanza ni kanuni za majaribio, zilizotokana na boriti zilizovunjwa maabara. Ni za haraka, ila hazifai ukitoka nje ya maumbo yaliyojaribiwa. Ya pili ni uchambuzi kwa kompyuta, kwa kuigawa boriti katika vipande vidogovidogo. Ya tatu ni kenchi iliyofichwa ndani ya zege: unaiona boriti kama kenchi yenye mikono inayobanwa, ambayo ni zege, na mikono inayovutwa, ambayo ni nondo, inayokutana kwenye vifundo.

Mimi nasanifu kwa kenchi na kukagua kwa kompyuta, na sipendekezi kugeuza mpangilio huo. Kenchi ina msingi wa zamani. Ritter mwaka 1899 na Mörsch miaka michache baadaye waliitumia kueleza ringi za boriti za kawaida, na mwaka 1987 Schlaich na wenzake wa Stuttgart wakaipanua kuwa njia ya kusanifu eneo lolote lenye mikazo isiyotulia. Nguvu yake ni hii: ukipata njia yoyote ya kani iliyo katika mizani, na hakuna mahali inapozidi uwezo wa zege au nondo, boriti itabeba angalau mzigo huo, mradi ina uwezo wa kunyumbuka vya kutosha kuifuata njia uliyoichagua. Sharti hilo la mwisho ndilo linalokukataza kuchora kenchi ya ajabu.

Hatua ya 4: Chora kenchi kwa vipimo halisi

Tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Boriti ina kina cha 2500 mm, upana wa 400 mm, na inakaa juu ya nguzo mbili zilizo umbali wa 5000 mm katikati kwa katikati. Juu yake, katikati kabisa, inashuka nguzo ya 400 kwa 500 mm, ile 500 ikiwa kwenye urefu wa boriti. Mzigo wa kusanifia, pamoja na uzito wa boriti yenyewe ambao tumeuhamishia juu kwa usalama, ni 2400 kN. Kila egemeo linapata 1200 kN. Nguzo za chini, kwa kuanzia, ni 400 kwa 400 mm. Zege ni C30/37, yaani lenye nguvu ya 30 MPa likipimwa kwa silinda na 37 kwa mchemraba, na tukitumia kipunguzio cha 0.85 nguvu yake ya kusanifia ni 17 MPa. Angalia kiambatisho cha kitaifa cha nchi yako, maana wengine wanatumia 1.0.

Mzigo wa juu gawa mara mbili: nusu yake inaenda kila upande, na kila nusu inapita kwenye robo ya upana wa nguzo, 125 mm kutoka katikati. Kwa hiyo mkono wa mshazari unatembea mlalo 2500 − 125 = 2375 mm.

Sasa kimo cha kenchi, z. Hapa ndipo hukumu ya msanifu inapoingia. Ukilipandisha juu kabisa eneo linalobanwa, z inafika karibu 2225 mm na nondo zinapungua. Lakini boriti haijui ulichochora. Kabla ya kupasuka inafuata mikazo ya kinyumbufu, yaani ya zege ambalo bado linarudi kwenye umbo lake, na kwa boriti ya mwanya mmoja ambayo uwiano wa mwanya na kina uko kati ya 1 na 2, kimo hicho ni takribani 0.2(L + 2h), L ikiwa mwanya na h kina. Kwetu: 0.2 × (5000 + 5000) = 2000 mm. Uwiano ukishuka chini ya 1, tumia 0.6L. Nachukua 2000. Zinaongezeka nondo chache, na unapata nyufa ndogo wakati wa matumizi.

Pembe ya mshazari: tangenti yake ni 2000/2375, yaani nyuzi 40.1. ACI inakataza pembe ya chini ya 25 kati ya mkono unaobanwa na unaovutwa. Ukiona umefika karibu na 30, rudi ufikirie upya mpangilio.

Hatua ya 5: Nondo zinazovutwa

Mvutano wa chini = 1200 × 2375/2000 = 1425 kN. Ukigawa kwa 435 MPa unapata 3276 mm². Nondo 8 za mm 25 zinatoa 3927 mm².

Zipange katika tabaka nne, mbili kwa kila tabaka, kwenye 60, 120, 180 na 240 mm kutoka chini. Kitovu chake kinaangukia 150 mm, na kifundo cha egemeo kinapata kimo cha 300 mm. Kuzitawanya hivi kunasaidia mara mbili: kifundo kinakuwa kipana, na nyufa za pembeni zinadhibitiwa juu zaidi ya ukingo wa chini.

Usikatishe hata nondo moja kabla ya egemeo. Kwenye boriti ya kawaida momenti inapungua kuelekea mwishoni na nondo zinaweza kukatwa. Kwenye kenchi yetu mvutano ni uleule wa 1425 kN kutoka egemeo hadi egemeo.

Hatua ya 6: Vifundo na mikono ya mshazari

Eurocode 2 inaanza na kipunguzio cha 1 − fck/250, fck ikiwa ile nguvu ya silinda ya 30 MPa, ambacho kwa zege letu ni 0.88. Mipaka inatoka hapo:

- kifundo kinachobanwa pande zote: 1.0 × 0.88 × 17 = 14.96 MPa
- kifundo chenye mkono mmoja unaovutwa: 0.85 × 0.88 × 17 = 12.7 MPa
- kifundo chenye mikono inayovutwa pande mbili: 0.75 × 0.88 × 17 = 11.2 MPa
- mkono wa zege unaovukwa na mvutano wa pembeni: 0.6 × 0.88 × 17 = 8.98 MPa

Kifundo cha juu, chini ya nguzo: 2,400,000/(400 × 500) = 12.0 MPa, kinapita. Mgandamizo mlalo wa juu ni 1425 kN pia, na kitovu chake kiko 350 mm kutoka juu, hivyo eneo lake lina kimo cha 700 mm na mkazo wa 5.1 MPa. Hapo hakuna tatizo.

Egemeo: 1,200,000/(400 × 400) = 7.5 MPa dhidi ya 12.7. Wengi wanaishia hapa na kuweka alama ya vema. Endelea. Mkono wa mshazari unaingia kwenye kifundo hiki na kani ya 1200/0.644 = 1863 kN (0.644 ni sini ya nyuzi 40.1, na 0.765 hapa chini ni kosini yake). Upana wake hapo unatokana na upana wa egemeo na kimo cha kifundo kwa pamoja:

400 × 0.644 + 300 × 0.765 = 487 mm

Mkazo = 1,863,000/(400 × 487) = 9.56 MPa. Kwa kipimo cha kifundo unapita, lakini mkono wenyewe una mvutano wa pembeni na kikomo chake ni 8.98. Haupiti, umezidi kwa takribani asilimia 6.

Kuongeza nondo za chini hakusaidii lolote hapa. Vinavyosaidia ni egemeo pana, boriti pana, au zege lenye nguvu zaidi. Tukiongeza nguzo za chini ziwe 500 mm kwenye urefu wa boriti bila kusogeza kitovu chake, upana wa mkono unakuwa 551 mm na mkazo unashuka hadi 8.44 MPa. Tukiacha urefu huo ubaki 400 na kupanua boriti pamoja na nguzo zake hadi upana wa 450 mm, tunapata 8.5 MPa. Ninachagua nguzo za 500, kwa sababu zinatupa pia nafasi ya kushika nondo, na nafasi hiyo tutaihitaji mara moja.

Hatua ya 7: Ncha za nondo zinashikwaje?

Ukiwa na muda wa kukagua kitu kimoja tu kwenye mchoro wa boriti ya kina, kagua hiki.

Mkazo ndani ya nondo ni 1,425,000/3927 = 363 MPa. Mshikamano wa kusanifia kati ya nondo zenye mikwaruzo na zege la C30/37, katika hali nzuri, ni 3.0 MPa. Urefu wa msingi wa kushika ni (25/4) × (363/3.0), yaani karibu 756 mm. Eurocode inaanza kuhesabu kwenye uso wa ndani wa egemeo, na nondo lazima ipite urefu wote wa kifundo. Nguzo yetu ya 500 ukiitoa kava ya mwisho ya 40, yaani zege linalofunika ncha ya nondo, inabaki na 460 mm. Tumepungukiwa na karibu 300.

Suluhisho safi kuliko yote, kama jengo linaruhusu, ni kuipitiliza boriti nje ya nguzo kwa 300 mm. Sasa kuna 500 + 300 − 40 = 760 mm, na nondo zilizonyooka zinatosha bila kutegemea punguzo lolote. Kama hakuna nafasi, zipo njia nyingine: nondo nyembamba (12 za mm 20 zinahitaji karibu 630 mm), nondo zenye umbo la U zilizolazwa mlalo, au nondo zenye vichwa vya chuma. Mgandamizo wa egemeo nao unakubalika kupunguza urefu. Ila angalizo kuhusu kulabu, yaani ncha za nondo zilizopindwa: punguzo lake la 0.7 linakubalika tu pale kava na nafasi kati ya nondo vinapotoa zaidi ya mara 3 ya kipenyo, ambayo kwetu ni 75 mm. Nondo zilizo kwenye uso wa boriti zenye kava ya 35 mm hazilipati. Mara nyingi michoro hulichukua bure.

Hatua ya 8: Wavu wa nyuso mbili

Mkono wa mshazari hautembei kama bomba. Unatanuka katikati kisha unabanwa tena mwishoni, na kutanuka huko kunazaa mvutano unaokata mkono kwa pembe mraba. Ufa wa mshazari unaouona kwenye boriti zilizovunjwa maabara unaanzia hapo.

Urefu wa mkono wetu ni 3105 mm, nusu yake karibu 1552. Kwa kanuni ya Eurocode, mvutano katika kila nusu ni 0.25 × (1 − 0.7 × 551/1552) × 1863 = 350 kN. Tukiutandaza, kwa tahadhari, kwenye 930 mm tu, tunapata 376 N kwa kila milimita.

Kiwango cha chini cha Eurocode ni asilimia 0.1 ya eneo la zege kwa kila uso na kila mwelekeo, bila kushuka chini ya 150 mm² kwa mita, na nafasi isizidi 300 mm wala mara 2 ya unene. Kwa upana wa 400 mm hiyo ni 400 mm² kwa mita. Naweka mm 12 kila 200, yaani 565 mm² kwa mita kila uso, wima na mlalo. Wavu ukiwa sawa pande zote mbili, uwezo wake dhidi ya ufa wa mshazari hautegemei pembe: 1.13 × 435 = 492 N kwa milimita. Unatosha, na unatimiza pia asilimia 0.25 ya jumla kwa kila mwelekeo inayodaiwa na ACI.

Matundu, na boriti zenye maegemeo zaidi ya mawili

Tundu likiwa nje ya mikono ya kenchi, zungushia nondo na uendelee. Likiikata njia ya mshazari, kenchi uliyochora imekufa: chora nyingine inayolizunguka, yenye vifundo vyake na mikono yake inayovutwa, na uikokotoe yote upya. Kubandika nondo za ziada kwenye kona za tundu huku hesabu zikibaki za zamani ni hatari.

Boriti ya kina inayoendelea juu ya maegemeo matatu au zaidi ni ngumu mno kiasi kwamba egemeo moja likizama milimita chache, kani zinahamia kwa majirani. Usitumie migawo ya momenti ya boriti za kawaida. Kokotoa kani za maegemeo kwa mifano miwili, mmoja yakiwa imara kabisa na mwingine yakiwa laini kadiri udongo au nguzo zinavyoruhusu, kisha sanifu kila sehemu kwa hali mbaya kuliko nyingine.

Hatua ya 9: Kukagua kazi, yako au ya mwenzako

Usianze kwa kusoma hesabu. Chukua mchoro wa nondo, funika hesabu, na uchore mwenyewe kenchi ambayo nondo hizo zinaweza kuibeba. Isipofungika, yaani kukiwa na kifundo ambacho mvutano hauna nondo ya kuupokea, umeipata kasoro kabla ya kuandika namba. Kisha pima mizani ya kila kifundo, mlalo na wima, na ulinganishe egemeo, mkono, ushikaji na wavu kwa mpangilio wa hatua za juu.

Ndipo kompyuta inaingia. Endesha modeli ya kinyumbufu, kata boriti katikati, na ujumlishe mikazo yote ya mvutano kwenye mkato huo. Kwa mfano wetu jumla inapaswa kukaribia 1425 kN, maana z tuliichukua kutoka tabia hiyohiyo. Ikija na nusu yake au mara mbili yake, kuna kitu kimekosewa. Mkazo wa kilele kwenye kona ya egemeo usiutumie kusanifia: unapanda kila unapopunguza ukubwa wa vipande, na hauna mwisho. Jumla za kani ndizo za kuaminiwa.

Tarehe 23 Agosti 1991, msingi wa zege wa jukwaa la mafuta la Sleipner A ulizama Gandsfjorden, karibu na Stavanger nchini Norwe, ulipokuwa ukishushwa majini kwa majaribio. Vipande vya modeli ya kompyuta vilikuwa vikubwa na vimepinda vibaya kwenye kuta zinazokutana kati ya matangi yake, na kani ya mkato ilikadiriwa chini kwa takribani asilimia 47. Nondo zenye vichwa vya T zilizopaswa kuushika mkutano huo zilikuwa fupi. Hesabu makini zilizofanywa baadaye zilionyesha ukuta ungevunjika kwenye kina cha mita 62, na kwa kweli ulivunjika kwenye 65. Kenchi ya mkono kwenye karatasi moja ingeonyesha nondo zile zinaishia mahali pabaya.

Hatua ya 10: Kabla zege halijamwagwa

Nenda mwenyewe ukaone kazi ya wasuka nondo, na uanzie kwenye egemeo. Pima kutoka uso wa ndani wa nguzo hadi ncha ya nondo: kwetu iwe 760 mm, isiwe 600 kwa sababu nondo za nguzo zilikuwa njiani zikakatwa. Tazama kama tabaka nne zimekaa kwenye nafasi zake au zimelala zikagusana, jambo linaloshusha kifundo na kulinyima zege njia ya kupita. Nafasi tuliyoacha kati ya tabaka ni 35 mm, hivyo kokoto za mm 20 zinapita, za mm 40 hazipiti. Hakikisha ringi zinazopandisha mzigo wa chini zimezikumbatia nondo za chini kabisa, na kwamba hakuna bomba la maji au umeme lililopenyezwa kwenye njia ya mshazari.

Kwa kina cha mita 2.5, mwaga kwa tabaka na shindilia kila moja, hasa juu ya maegemeo ambako nondo zimesongamana. Nguzo iliyo juu isianze kupewa mzigo, wala tegemeo za muda zisiondolewe, mpaka matokeo ya sampuli za zege yathibitishe nguvu uliyoitumia kwenye hesabu.